Sura ya Saba: Bendera za Afrika Mashariki Kwenye Theluji

Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi hufanyika kila baada ya miaka minne, na kwa mujibu wa Mkataba wa Olimpiki huhusisha michezo inayochezwa juu ya theluji au barafu pekee. Ilianza mwaka 1924 katika mji wa Chamonix, Ufaransa, ikiwa na mataifa 16, na kwa miongo mingi ilitawaliwa na nchi za Ulaya ya Kaskazini, nchi zinazozunguka Milima ya Alpi, Amerika Kaskazini na Umoja wa Kisovieti, ambako watoto huenda shule wakikanyaga theluji. Afrika iliingia humo mwaka 1960, Afrika Kusini iliposhiriki Squaw Valley, Marekani, na Morocco ikafuata mwaka 1968 huko Grenoble, Ufaransa, ilhali Afrika Mashariki ilisubiri hadi mwaka 1998.

Udogo wa taifa katika michezo hii haupimwi kwa idadi ya watu wala ukubwa wa eneo. Norway ina watu wapatao milioni tano na nusu, idadi isiyotofautiana sana na ile ya Mkoa wa Dar es Salaam, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta ukiwa na watu 5,383,728, lakini katika Michezo ya Beijing ya mwaka huohuo Norway ilitwaa medali 37, zikiwemo 16 za dhahabu, na kuongoza dunia nzima. Kenya, Ethiopia na Tanzania, kila moja ikiwa na watu wengi mara kadhaa kuliko Norway, ni mataifa madogo katika uwanja huu kwa sababu zina uhaba mkubwa wa klabu, walimu, mashindano ya ngazi ya chini na kizazi kilichotangulia cha kufundisha kinachofuata.

Sura hii inaangalia njia tatu ambazo watu wa Afrika Mashariki wamezipitia kufika kwenye theluji na barafu, yaani njia ya mdhamini, njia ya ughaibuni na njia ya uwanja wa nyumbani, na inazipima zote kwa kigezo kimoja: mwanamichezo wa kwanza alipoondoka, nani alibaki? Kwa kigezo hicho, aliyeshika nafasi ya mwisho huweza kuwa ameacha kikubwa kuliko aliyemtangulia, na timu ambayo haijawahi kuikaribia Olimpiki huweza kuwa imejenga msingi imara kuliko yule aliyebeba bendera mbele ya dunia.

Njia ya mdhamini

Philip Boit alizaliwa Eldoret mwaka 1971, katika ukanda wa Bonde la Ufa uliotoa wakimbiaji wengi mashuhuri wa Kenya, na ni wa ukoo mmoja na Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati hadi mwaka 1996, kampuni ya vifaa vya michezo ya Nike ilipompeleka Finland pamoja na mkimbiaji mwenzake, Henry Bitok, ili kujaribu kama Mkenya aliyezoea kukimbia nyanda za juu angeweza kugeuzwa kuwa mshindani wa skii za masafa. Skii ni mbao mbili nyembamba na ndefu zinazofungwa kwenye viatu ili mtu ateleze juu ya theluji, na skii za masafa ni mbio ambazo mshindani hupanda na kushuka vilima kwa nguvu zake mwenyewe, akijisukuma kwa miguu na kwa fimbo mbili alizoshika mikononi.

Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa washindani wa skii za masafa ni miongoni mwa wanamichezo wenye uwezo mkubwa zaidi duniani wa kuvuta na kutumia oksijeni, na uwezo huo ndio unaowapa wakimbiaji wa Kenya ushindi. Kilichosahaulika ni kwamba pumzi ni sehemu moja tu ya mchezo. Mkimbiaji hutegemea miguu, ilhali mwenye skii hutumia pia mikono, mabega na mgongo kwa kiasi kikubwa. Mkimbiaji akisimamisha mguu husimama, ilhali mwenye skii lazima ajue kuuhamisha uzito wa mwili wote juu ya ubao mmoja unaoendelea kuteleza. Tena kuna miteremko yenye kona, ambako asiyezoea hupunguza mwendo kwa hofu au huanguka, na kila anguko humpunguzia nguvu alizozihifadhi kwa ajili ya kilima kinachofuata.

Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, Boit aliingia katika mbio za kilomita 10 za mtindo wa klasiki, ambao skii hupita sambamba ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji. Katika mtindo huu sehemu ya katikati ya skii hupakwa nta maalumu inayoshika theluji mshindani anapojisukuma na kuiachia anapoteleza, na uchaguzi wa nta hutegemea joto na unyevunyevu wa theluji ya siku hiyo. Nta isiyofaa hufanya ubao urudi nyuma kwenye mlima, au hukusanya madonge ya theluji chini ya mguu, na ndiyo maana timu za mataifa makubwa huwa na mafundi ambao hawana kazi nyingine ila kupima theluji na kuchagua nta. Boit aliyekuwa na uzoefu wa miaka miwili tu alishindana na watu ambao skii zao zilikuwa zikipakwa nta hiyo tangu utotoni mwao.

Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyetumia dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alifika wa 92, akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza, kwa dakika 47 na sekunde 25.5, muda ambao mkimbiaji wa kawaida wa mazoezi anaweza kuufikia kwa miguu yake kwenye barabara ya lami. Dæhlie hakwenda kupokea medali yake mara moja, bali alimsubiri Mkenya huyo kwenye mstari wa mwisho kwa dakika zipatazo 20, akamkumbatia alipowasili, na waandaaji wakalazimika kuchelewesha sherehe. Urafiki ukazaliwa hapo, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha utu, na kweli ni cha utu, lakini kwa mtu anayetafiti ukuaji wa michezo lina upande wa pili. Boit hakuishia Nagano; alirudi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Turin mwaka 2006, jambo linaloonyesha kwamba aliuchukua mchezo huo kwa dhati na si kwa ajili ya tangazo la biashara. Hata hivyo, baada ya yeye, Kenya haikupeleka mtu yeyote kwenye Michezo ya Baridi ya Vancouver mwaka 2010 wala ya Sochi mwaka 2014. Mdhamini alikuwa amenunua safari, mazoezi na vifaa vya watu wawili, na hakuna aliyepewa jukumu la kujenga klabu nyumbani, kufundisha walimu au kutafuta vijana wa kupokea kijiti, hivyo Boit alipostaafu mchezo ukastaafu naye.

Njia ya ughaibuni

Aliyeirudisha bendera ya Kenya kwenye theluji hakutokea Eldoret. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, katika pwani ya Kenya, mwaka 1998, mwaka uleule wa mbio za Nagano, na akiwa na umri wa miaka mitatu alihamia Austria pamoja na mama yake, ambako baba yake wa kambo alimfundisha skii za mteremko. Katika aina hii mshindani hupandishwa mlimani kwa mitambo, kisha hushuka kwa kasi akipita kwenye milango iliyowekwa alama, na anayekosa mlango mmoja huondolewa. Simader alishiriki Olimpiki ya Vijana ya Lillehammer, Norway, mwaka 2016, na mwaka 2018 akabeba bendera ya Kenya huko Pyeongchang, Korea Kusini, ambako alishika nafasi ya 38 katika slalomu kubwa ya kasi, mbio ambazo milango yake imeachana sana na mwendo wake ni mkali.

Njia hiyo ndiyo iliyotumiwa na wengi wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Robel Teklemariam, mzaliwa wa Addis Ababa aliyejifunza skii Marekani, aliiwakilisha Ethiopia kwa mara ya kwanza Turin mwaka 2006 na akarudi Vancouver mwaka 2010. Shannon Abeda, aliyezaliwa Kanada kwa wazazi waliokimbia Eritrea, aliifungulia nchi hiyo mlango Pyeongchang mwaka 2018, na huko Beijing mwaka 2022 akamaliza wa 39 katika slalomu kubwa, aina nyingine ya mbio za kupita milangoni. Mialitiana Clerc, aliyezaliwa Madagaska na kulelewa Ufaransa, alishiriki Michezo yote hiyo miwili.

Nchi ya asili huwa haigharimiki kumlea mwanamichezo wa aina hii, kwani klabu ya ugenini ndiyo iliyomfunza. Udhaifu ni kwamba ujuzi wake hubaki kulekule ulikopatikana, na mtoto wa Kilifi leo hana njia ya kufuata nyayo za Simader isipokuwa naye ahame. Huko Pyeongchang mataifa manane ya Afrika yalishiriki, idadi iliyosifiwa sana wakati ule, lakini miaka minne baadaye huko Beijing yalibaki matano, na Kenya haikuwamo. Bendera inayotegemea maisha ya mtu mmoja hushuka mara mtu huyo anapoumia, anapokosa fedha au anapoamua kutafuta kazi nyingine.

Ughaibuni umewahi pia kutoa timu nzima. Mwaka 2013, katika mji wa Borlänge, Sweden, vijana wa Kisomali waliofika huko kama wakimbizi walianza kufundishwa bandi, mchezo wa magongo wenye wachezaji 11 kila upande unaochezwa kwenye barafu yenye ukubwa unaokaribia ule wa uwanja wa soka, kwa mpira mdogo badala ya kisahani cha mpira mgumu kinachotumika katika magongo ya kawaida ya barafuni. Mwanzilishi wa timu hiyo alikuwa Patrik Andersson, na mwalimu wao Per Fosshaug, aliyekuwa mchezaji nyota wa bandi wa Sweden. Wengi wao hawakuwahi kuvaa viatu vya kutelezea, lakini mapema mwaka 2014 walikuwa Irkutsk, Siberia, wakiiwakilisha Somalia kwenye Mashindano ya Dunia, ambako walifungwa mechi zote, na kwa mabao mengi. Hata hivyo timu hiyo ilirudi kwenye mashindano hayo katika miaka iliyofuata, kwa sababu ilikuwa na klabu, mwalimu, na mji uliokuwa na sababu yake ya kuitaka iendelee, nayo ni kuwakutanisha wenyeji na wageni walioishi mtaa mmoja bila kusalimiana.

Njia ya barafu ya nyumbani

Njia ya tatu ilianzia kwenye jengo moja la Nairobi. Mwaka 2005 Hoteli ya Panari, iliyoko Barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu wa ndani uliokusudiwa kwa burudani, na humo vijana wa Nairobi, wengi wao wakiwa wamezoea viatu vya magurudumu barabarani, wakaanza kujifunza magongo ya barafuni. Timu yao, Ice Lions, iliundwa mwaka 2016. Uwanja wao ulikuwa mdogo kuliko ule rasmi wa magongo, ambao una urefu wa mita 60 na upana wa hadi mita 30, na kwa kuwa hapakuwa na timu nyingine nchini waligawana na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya mikahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwachukua wachezaji 12 hadi Kanada kucheza kwa mara ya kwanza dhidi ya timu ya nje, wakiungana kwa ghafla na nyota wawili wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na filamu fupi ya safari hiyo ikazunguka dunia.

Hadi hapo hadithi yao ilifanana na ya Boit, kwa maana ya kampuni ya kigeni, safari moja na picha nzuri, lakini mwisho wake umekuwa tofauti. Wachezaji waliporudi walikuta barafu ingali pale, wakaanza kufundisha watoto, wakaunda chama, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Magongo ya Barafuni. Uanachama huo hauwapeleki Olimpiki, wala hakuna anayedai kuwa watafika huko karibuni. Unacholeta ni kozi za waamuzi na walimu, vifaa, na nafasi ya kuingia kwenye mashindano ya ngazi ya chini, yaani vitu vilevile ambavyo Boit hakuachiwa.

Uwanja wa namna hiyo ni ghali kuliko unavyoonekana. Jijini Dar es Salaam, katika mitaa kama Chanika, Mbagala au Gongo la Mboto, barafu ni kitu kinachouzwa kwenye vifuko vya nailoni mlangoni mwa shule, na mnunuzi hulazimika kuinyonya haraka kabla jua halijaimaliza. Kutandaza tabaka la barafu lenye unene wa sentimita tatu au nne kwenye sakafu ya ukubwa wa uwanja wa magongo, na kulishikilia kwenye nyuzi joto zipatazo tano chini ya sifuri, huku nje joto likiwa zaidi ya nyuzi 30 na hewa ya pwani imejaa unyevunyevu, kunahitaji mabomba ya ubaridi chini ya sakafu yote, mitambo inayofanya kazi usiku na mchana, na mashine ya kulainisha barafu baada ya kila kipindi cha mchezo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu uwanja huharibika. Ndiyo maana barafu ya Nairobi ilijengwa na hoteli na si na shule, na ndiyo maana watoto wanaofika humo ni wachache ukilinganisha na wale wanaopata mpira na kiwanja cha vumbi.

Mlango wa kufuzu

Wapo wanaodhani kwamba nchi ndogo hualikwa kwenye Michezo ya Baridi kwa hisani. Hali ilikaribia kuwa hivyo hadi mwaka 1988 huko Calgary, Kanada, ambako timu ya Jamaika ya kigari cha kutelezea barafuni na mrukaji skii wa Uingereza, Eddie Edwards, aliyeshika mkia, walipendwa na watazamaji kuliko mabingwa wengi. Baada ya hapo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikaza masharti, na leo kila mshindani lazima afikie kiwango.

Katika skii, kiwango hicho hupimwa kwa pointi za Shirikisho la Kimataifa la Skii, ambazo ni kinyume cha pointi za soka, kwa kuwa aliye bora ndiye mwenye pointi chache. Kila mbio humpa mshindani pointi kulingana na umbali wa muda kati yake na mshindi, kisha huongezwa pointi nyingine kulingana na uzito wa mashindano yenyewe, ili ushindi wa mashindano hafifu usilingane na ushindi wa mashindano makubwa. Kwa Michezo ya Pyeongchang, mshindani wa skii za mteremko kutoka nchi isiyo na nafasi nyingine alitakiwa kuwa na wastani usiozidi pointi 140 katika matokeo yake matano bora ya slalomu au slalomu kubwa. Kupata matokeo matano mazuri maana yake ni kushiriki mbio nyingi zaidi ya tano, katika nchi mbalimbali, kwa msimu mzima au miwili, kwa nauli, malazi, ada na vifaa ambavyo mara nyingi familia ya mshindani ndiyo inayovilipia. Kwa nchi nyingi za Afrika, fedha za msimu huo ndizo zinazokosekana kwanza, kabla hata ya kipaji.

Mfano wa namna mlango huo unavyoweza kufunguliwa ulitolewa na Tunisia. Kwenye Olimpiki ya Vijana ya Gangwon, Korea Kusini, mwaka 2024, Jonathan Lourimi alipata medali ya fedha katika kigari cha mtu mmoja, mchezo ambao mshindani hukisukuma kigari kwa mbio, hukirukia na kukiongoza kwenye mfereji wa barafu. Alifunzwa kupitia mpango ulioanzishwa na Wakorea ili viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya Pyeongchang vitumiwe na vijana wa nchi zisizo na viwanja hivyo. Katika mchezo huo mbio za kuanzia zina uzito mkubwa, na kwa hiyo kijana mwenye kasi ya mita 100 huanza akiwa na mtaji, tofauti na skii za masafa zinazodai miaka mingi ya kuzoea theluji.

Tanzania

Tanzania inayo theluji yake, lakini si ya kuchezea. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro wakiwa na skii na kuzitumia kushuka, na mto wa barafu ulioko karibu na kilele bado unaitwa kwa jina la Furtwängler. Tangu mwaka huo hadi mwaka 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu, na kilichobaki ni kuta za barafu ngumu karibu na kilele chenye urefu wa mita 5,895, mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi kwamba hata kutembea ni kazi. Anayeota uwanja wa skii Kilimanjaro anaota kitu ambacho hakitakuwepo.

Nchi haijawahi kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi, na medali zake za Olimpiki hadi sasa ni mbili za fedha, zilizoletwa na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980. Palipo na upungufu wa viwanja vya riadha vya kawaida, si busara kudai barafu ya Serikali. Lakini kuna hatua zisizogharimu sana. Viatu vya magurudumu vinafundisha mizani na mwendo uleule wa viatu vya barafuni, na hata mabingwa wa skii za masafa hufanya mazoezi ya kiangazi kwa skii za magurudumu juu ya lami. Barabara itokayo Gongo la Mboto kupita vilima vya Pugu hadi Chanika ina miinuko ya kutosha, ila daladala, bodaboda na malori hayawezi kumwachia kijana nafasi salama, na kwa hiyo kinachohitajika kwanza ni sakafu ya saruji iliyolainishwa na kuzungushiwa uzio katika shule moja au mbili. Chama cha mchezo huo kikiundwa na kuwa na wanachama na katiba, sheria ipo tayari, kwani Baraza la Michezo la Taifa lilianzishwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na vyama vya michezo vina msajili wake.

Mafunzo ya njia zote tatu yanakutana hapo. Boit alionyesha kuwa ujasiri unaweza kumfikisha mtu Nagano, Simader akaonyesha kuwa kipaji cha pwani kinaweza kustawi kwenye Milima ya Alpi, lakini ni Ice Lions pekee walioonyesha kuwa mchezo wa ugenini unaweza kuota mizizi katika mji wa tropiki. Taifa lolote la Afrika Mashariki linalotaka kuonekana kwenye theluji lisianze kwa kutafuta mtu mmoja wa kubeba bendera. Lianze kwa kutafuta mwalimu mmoja, sakafu moja na watoto 20 watakaorudi wiki ijayo, kwa sababu bila wao bendera itapandishwa mara moja na haitapandishwa tena.